Bonasi Iliyofichwa na Nafasi ya Pili



Huku Sigowet, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Kericho na Bomet zinazolima majani chai, mkulima huchuma mwaka mzima, lakini upo mwezi mmoja unaongojewa kuliko mingine yote. Huo ni mwezi wa bonasi. Malipo ya kila mwezi hununua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Bonasi, ambayo kwa kawaida hufika kuelekea Oktoba baada ya mahesabu ya mwaka kufungwa mwishoni mwa Juni, ndiyo inayolipa karo, ndiyo inayoezeka nyumba, ndiyo inayonunua ng'ombe. Basi si ajabu kwamba mwezi huo huo, ambao ungekuwa wa shukrani, katika nyumba nyingi ndio wa ugomvi. Makatekista na wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanalijua jambo hili vizuri.

Katika ukurasa huu tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuaminiana, fedha, na nafasi ya pili. Mume au mke akigundua kwamba mwenzake amemficha fedha, afanye nini? Je, kusamehe ni kumrudishia mfuko siku ile ile? Na yule aliyekosa, atarudije kuaminiwa?

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Watu hawa hawana majina, wala si wa boma fulani. Lakini wasomaji wengi watawatambua.

Bwana na bibi wana ekari moja ya majani chai na watoto wanne. Namba ya mkulima imeandikwa kwa jina la bwana. Bibi ndiye anayeamka alfajiri kuchuma, na ndiye anayebeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani. Mwaka huu wamepeleka kilo 3,500. Wakihesabu bonasi ya shilingi 20 kwa kilo, wanatazamia shilingi 70,000. Mbolea itakatwa shilingi 10,000. Zitabaki 60,000, na bibi amekwisha zigawa moyoni mwake: karo ya kifungua mimba wa kidato cha pili, mabati ya jikoni, na kidogo cha akiba.

Siku ya malipo bwana anarudi jioni na shilingi 20,000. "Mama watoto," anasema, "mwaka huu kiwanda kimetuminya." Bibi anaamini. Mbona asiamini? Ni kweli kwamba wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika sana juu ya bonasi ndogo, na Oktoba 2025 malalamiko yao yalisikika nchi nzima, walipolinganisha malipo yao na ya wenzao wa mashariki. Uongo wa bwana umevaa nguo za ukweli.

Wiki mbili baadaye bibi anaikuta hati ya malipo ndani ya koti analotaka kulifua. Inaonyesha shilingi 70,000. Inaonyesha pia makato ya mkopo, shilingi 40,000, ambao yeye hakuusikia kamwe. Anapouliza, mambo yanafunuka moja moja. Mkopo ulikwenda katika kamari ya mpira inayochezwa kwa simu. Tena liko deni jingine la simu, shilingi 14,000, ambalo bado halijalipwa.

Lakini hadithi haijaisha. Katika ugomvi ule bwana naye anatoa la kwake: amesikia kwa jirani kwamba bibi, kwa miezi kadhaa, amekuwa akiwauzia madalali sehemu ya majani njiani, na kuweka pesa hizo katika chama cha akina mama. Ni kweli. Anazo shilingi 6,000. Alizificha kwa sababu aliogopa kwamba kila shilingi inayoonekana nyumbani itaombwa na kupotea.

Wapendwa, nyumba hii si ya watu wabaya. Wanasali, watoto wamebatizwa, wanaitoa zaka yao. Lakini sasa wanalala kitanda kimoja kama wapangaji wawili.

FEDHA NI SEHEMU YA MWILI MMOJA

Wako wanaofikiri kwamba uaminifu katika ndoa ni jambo la kitandani tu, na kwamba fedha ni habari nyingine. Maandiko Matakatifu hayatenganishi hivyo. Mwanzo 2:24 yasema kwamba mume na mke wanakuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauna mkono wa kulia unaouibia mkono wa kushoto. Na kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinapomsifu mke mwema, hakianzi na uzuri wake. Aya ya 11 yasema kwamba moyo wa mume wake unamwamini, na aya ya 16 yaeleza jinsi mke huyo anavyolikagua shamba, akalinunua, akapanda mizabibu kwa matunda ya mikono yake. Tazameni: kuaminiwa na kushika mali vimewekwa pamoja.

Tusome tena habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume 5:1-11. Hawa walikuwa mume na mke. Waliuza shamba, wakaficha sehemu ya bei, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro alimweleza Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hawakulazimishwa kutoa. Kosa lao lilikuwa uongo. Tena angalieni jambo ambalo mara nyingi hupita bila kutambuliwa: Safira alipoingia, Petro hakumhukumu kwanza. Alimwuliza bei ya shamba. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya pili. Mlango wa ukweli ulifunguliwa mbele yake, naye akarudia uongo ule ule.

Somo ni hili. Katika mfano wetu, shilingi 40,000 zilizopotea ni jeraha. Lakini neno "kiwanda kimetuminya" ni jeraha kubwa zaidi, kwa sababu baada ya neno hilo bibi hajui tena ni lipi katika maneno ya mumewe lililo kweli. Fedha zinaweza kutafutwa tena msimu ujao. Neno likishavunjika, halirudi kwa msimu mmoja.

KWA NINI HUFICHANA?

Dawa haitolewi kabla ya kujua ugonjwa. Katika nchi yetu hii ya majani chai tunaona sababu tatu kubwa.

Kwanza, jinsi malipo yenyewe yanavyokuja. KTDA ilianza mwaka 1964 kama halmashauri ya serikali, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Tangu mwanzo, malipo yamefuata jina la aliyeandikishwa, na katika nyumba nyingi huyo ni mume. Mwaka 1993 watafiti wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, walichapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wadogo wa chai wa Kericho. Walieleza jinsi kazi nyingi ya shamba inavyofanywa na wanawake huku malipo yakienda kwa waume, na jinsi jambo hilo linavyoleta mvutano nyumbani, hata mke mwingine hupunguza kuchuma. Miaka mingi imepita, lakini ni nani kati yetu atakayesema kwamba jambo hilo limekwisha? Mchumaji asiyeona hati ya malipo atajaribiwa kuuza majani kwa dalali. Hatusemi kwamba anatenda vema. Twasema kwamba kishawishi chake kina chanzo.

Pili, simu ya mkono. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, iliwasaidia wengi waliokuwa mbali na benki. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, na baadaye mikopo mingine mingi. Zamani mtu akitaka kukopa alihitaji mdhamini na fomu, na mara nyingi jirani alijua. Leo mtu anaweza kukopa, kucheza kamari na kupoteza vyote akiwa amelala kando ya mkewe, bila sauti kusikika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati nasibu yenyewe si kinyume cha haki, lakini haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowatunza. Tena yaonya kwamba tamaa ya kamari huweza kumfanya mtu mtumwa. Karo ya mtoto ni hitaji. Unga ni hitaji. Anayeviweka rehani kwa matokeo ya mpira wa Ulaya amekwisha vuka mpaka huo.

Tatu, hofu. Mume huogopa kudharauliwa. Mke huogopa kunyang'anywa. Mume anaona aibu kusema, "Nimepoteza." Mke anaona hatari kusema, "Ninacho." Hivyo kila mmoja hujenga ukuta, na kila mmoja husema ni mwenzake aliyeanza.

KUSAMEHE NI KITU KIMOJA, KUAMINI NI KINGINE

Hapa wanandoa wengi hukosea, tena wengine hukosea kwa sababu ya kutaka kuwa Wakristo wema. Husema, "Padri amehubiri tusamehe saba mara sabini, basi nimpe tena kadi ya benki." Wengine husema, "Siwezi kumwamini tena, kwa hiyo siwezi kumsamehe." Wote wawili wamechanganya mambo.

Msamaha ni zawadi. Bwana wetu katika Mathayo 18:21-22 hakuuwekea hesabu. Mke anaweza kumsamehe mumewe leo, kabla hajalipa hata shilingi moja, kwa kukataa kumlipiza kisasi na kwa kumwombea mema. Lakini imani ya mtu kwa mtu hujengwa. Hata akina mama wetu wanalijua hili wanapotengeneza mursik. Hakuna anayemimina maziwa mapya ndani ya sotet yenye masalio ya zamani. Kibuyu huoshwa, hukaushwa, husuguliwa kwa makaa ya senetwet, ndipo maziwa humiminwa. Anayemimina bila kuosha hakionei huruma kibuyu, anayaharibu maziwa.

Maandiko yanatupa mifano mitatu ya nafasi ya pili, na kila mmoja una somo lake.

Wa kwanza ni Zakayo, Luka 19:1-10. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha chochote. Huo ndio msamaha unaotangulia. Lakini Zakayo hakuishia kwenye furaha ya mgeni. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Ndivyo Katekisimu inavyofundisha, namba 1459: maondoleo huondoa dhambi, lakini hayaponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi, aliyeiba hana budi kurudisha.

Wa pili ni Petro, Yohane 21:15-19. Alimkana Bwana mara tatu karibu na moto wa makaa. Na Yesu, baada ya kufufuka, alimwuliza mara tatu karibu na moto wa makaa kama anampenda. Hakumtangaza mbele ya watu kuwa mwongo, wala hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Swali liligusa pale pale palipouma, kisha Petro akakabidhiwa kazi.

Wa tatu ni Yohane Marko, ambaye hatajwi sana mahubirini. Aliwaacha Paulo na Barnaba njiani (Mdo 13:13). Walipotaka kusafiri tena, Barnaba alitaka kumchukua, Paulo akakataa, wakashindana hata wakaachana (Mdo 15:37-40). Barnaba alimpa nafasi ya pili. Paulo alisema bado. Miaka ikapita. Katika 2 Timotheo 4:11 twasikia Paulo, akiwa kifungoni, akiomba Marko aletwe kwake kwa sababu anamfaa katika huduma. Wapendwa, hapa kuna faraja kwa pande zote mbili. Aliyesema "bado" si lazima awe na moyo mgumu. Na aliyeambiwa "bado" hakuambiwa "kamwe".

HATUA ZA KUFUATA

Turudi kwa bwana na bibi wa mfano wetu. Wangeanzia wapi?

1. Kusema yote mara moja. Ukweli unaotolewa kijiko kwa kijiko ni mateso. Leo mkopo mmoja, kesho mwingine, na kila mara jeraha linafunguliwa upya. Bwana achukue karatasi aandike kila deni: kwa nani, kiasi gani, tangu lini. Bibi naye aandike zile shilingi 6,000 na jinsi alivyozipata. Asiseme, "Kosa langu ni dogo." Ni kweli ni dogo, tena lina sababu, lakini siri ni siri.

2. Kuchagua saa na mahali. Msizungumze haya mbele ya watoto, wala usiku mkiwa na hasira, wala mmoja akiwa amelewa. Jumapili alasiri baada ya Misa ni saa njema. Anzeni kwa sala fupi.

3. Kufunga mlango wa kishawishi. Anayecheza kamari aifunge akaunti yake ya kamari mkewe akiona. Asiseme atapunguza. Akishindwa kuacha ingawa anataka, ajue kwamba amefungwa, na aliyefungwa huhitaji mtu wa kumfungua: padri katika Kitubio, na pia mshauri au mhudumu wa afya anayejua mambo ya uraibu. Kuomba msaada huo si kukosa imani.

4. Kulipa. Deni la simu la shilingi 14,000 lilipwe na aliyelikopa, kwa jasho la ziada, si kwa kupunguza chakula cha watoto. Akiweka shilingi 2,000 kila mwezi kutoka vibarua vyake, miezi saba yatosha. Hiyo miezi saba ni mingi, lakini kila mwezi unaolipwa ni neno moja la kweli linaloongezwa nyumbani.

5. Kufanya mwanga uwe kawaida. Hati ya malipo ya kila mwezi isomwe na wote wawili mezani. Bonasi iingie katika akaunti ya pamoja, katika benki au chama cha akiba na mikopo, inayohitaji sahihi mbili. Inapowezekana, sehemu ya vichaka iandikishwe kwa jina la mke, au akubaliwe waziwazi kwamba malipo ya mwezi ndiyo ya kuendesha jiko. Na kila mmoja awe na kiasi kidogo asichoulizwa: nauli ya mume, mchango wa chama wa mke. Pasipo na uhuru mdogo wa halali, siri itatafuta njia.

6. Kuweka muda. Aliyekosewa aseme wazi: "Tutafanya hivi mpaka bonasi ijayo, kisha tutaangalia tena." Adhabu isiyo na mwisho huua matumaini, na asiye na matumaini hurudi alikotoka.

7. Kutofukua. Mkishapatana, kosa lile lisitajwe kila mnapogombana juu ya chumvi. Anayeikumbusha dhambi iliyokwisha tubiwa hufanya kazi ya mshitaki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 13 Mei 2015, aliwafundisha wanandoa maneno matatu: naomba, asante, samahani. Twaona kwamba katika nyumba zetu la tatu hutamkwa mara chache, na la pili husahauliwa. Mume anapoleta shilingi 2,000 za mwezi wa nne, aambiwe asante.

8. Kulegeza kamba taratibu. Hapa aliyekosewa ana kazi ngumu. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 115, Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kuaminiana huleta uhuru, na kwamba hakuna haja ya kufuata kila hatua ya mwenzi. Tena kwamba mtu anayejua anashukiwa daima hupendelea kuficha. Kwa hiyo kukagua simu kila usiku kunaweza kuwa dawa ya miezi michache, lakini hakuwezi kuwa chakula cha maisha.

Mkulima wa chai anajua kupogoa. Kila baada ya miaka mitatu au minne vichaka hukatwa mpaka chini, na kwa miezi kadhaa shamba lile linaonekana kama limekufa. Hakuna kilo, hakuna malipo. Asiyejua angesema mwenye shamba ameharibu. Kisha yanakuja machipukizi, mengi kuliko ya zamani. Miezi ya kujenga upya uaminifu ni miezi ya kupogoa. Msiogope ukavu wake.

MIPAKA YA NAFASI YA PILI

Lakini tusidanganyane. Nafasi ya pili haina maana ya kunyamaza.

Yuko mume anayetaka kuuza au kuweka rehani shamba la nyumbani ili alipe deni la kamari, na anamwambia mkewe, "Ukinipenda, weka sahihi." Bibi, unaweza kumpenda na usiweke sahihi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yasema kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na sahihi au kibali cha mwenzi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa pasipo idhini ya wote wawili. Kukataa kwako kunaweza kuwa ndiko kunakowaokoa watoto wenu, na mumeo pia.

Na penye kupigwa, au vitisho, au watoto kuachwa na njaa, jambo limetoka kwenye fedha. Kanisa halimlazimishi mtu kukaa hatarini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yakubali kwamba mwenye kuleta hatari kubwa ya roho au mwili kwa mwenzake au kwa watoto ampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye, na hatari ikiwa ya haraka mtu aweza kuondoka kwanza. Kifungo cha Sakramenti hakivunjiki, lakini uhai lazima ulindwe. Mwendee paroko, mwendee chifu, wala usione haya.

Tena kuna swali la nani aambiwe. Si kila jambo la chumbani lipelekwe kokwet. Ukimtangaza mwenzako kwa majirani kumi, hata akitubu, majirani tisa hawatasahau. Chagueni watu wachache: wasimamizi wenu wa ndoa, mzee mmoja anayejua kufunga mdomo, padri au katekista. Wazee wetu Wakipsigis waliowafunga bwana na bibi arusi nyasi ya segutiet mikononi walitaka kila mmoja aelewe kwamba jambo hili si la kujaribu na kuacha. Nasi tulio na Sakramenti juu ya mila hiyo tunaelewa zaidi: anayetufunga ni Kristo mwenyewe, ambaye hutupa neema ya kuanza tena.

NENO LA MWISHO KWA KILA MMOJA

Kwako uliyeficha: usingoje kukutwa na hati ndani ya koti. Anayekiri mwenyewe ameshaanza kulipa. Katika Luka 16:10 Bwana anasema kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu hata katika lililo kubwa. Basi anza na dogo: risiti ya duka, chenji ya sukari, saa uliyosema utarudi.

Kwako uliyefichwa: uchungu wako ni wa haki, na Mungu hakuambii usiwe nao. Lakini jiulize unautaka uende wapi. Yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe akiwa bado mbali, kwa kuwa alikuwa akitazama njia. Hakumfuata nchi ya mbali kumpa fedha zaidi. Lakini njia aliitazama.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayeona hati ya malipo? Kwa nini iwe hivyo?

2. Je, liko deni au akiba ambayo mwenzangu haijui? Ninaogopa nini nikimwambia?

3. Ni kosa gani la zamani ambalo nasema nimelisamehe, lakini bado nalitumia kama fimbo?

4. Bonasi ijayo tutaikalia lini, na mahali gani, ili tuipangie pamoja kabla haijafika?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo, ingia na kwetu. Utupe ujasiri wa kusema ukweli, na upole wa kuupokea. Ubariki mikono inayochuma na mikono inayohesabu, iwe mikono ya mwili mmoja. Utufungue kutoka katika kila tamaa inayotufunga. Na mahali tulipovunjiana imani, utufundishe kuanza tena, polepole, pamoja nawe. Amina.

Mungu awabariki katika ndoa zenu.